Mkaguzi Katika Rika la Kutumwa

Mgeni alitokea ndani ya mvua akisukuma skuta iliyozimika, suruali kaikunja hadi magotini, koti la plastiki limemganda kama ganda la kitunguu. Mimi nilikuwa juu ya paa la ukumbi wa wanaume, nafunga mianzi kwa kamba za henzirani. Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia, na tufani ya juma lililopita ilikuwa imeng'oa upande mzima wa ukumbi, kwa hiyo wanaume wote wa kijiji chetu cha Cihafayan walikuwa hapo kazini, hata wale ambao migongo yao huuma kila kazi inapotajwa.

"Samahani," mgeni alisema. "Natafuta mahali pa..."

"Rika gani?" Mjomba Lekal alimkatiza.

Mjomba Lekal ni kaka yake mama na ndiye msimamizi wa marika yote ya kijiji. Siku nyingine anauza mayai na hakuna anayemwogopa. Majira ya sikukuu akisema neno, hata polisi wetu huvua kofia na kushika ufagio.

"Rika? Sina rika," mgeni alisema.

"Umezaliwa mwaka gani?"

Mgeni akataja mwaka. Wanaume wakatazamana. Ulikuwa umri wa kuwa na kitambi na mtoto wa sekondari.

"Umewahi kupitishwa rika, popote pale?"

"Hapana, mzee."

"Aa! Basi bado hujaanza kuishi. Asiyepitishwa huanzia chini, hata awe na mvi. Nenda pale, kwa rika la kutumwa. Ofad!"

"Naam, mjomba," niliitikia juu ya paa.

"Shuka umpe mtu wako kazi."

Alikuwa mtu wangu kwa sababu rika letu ndilo lililo juu ya rika la kutumwa. Sisi huwaamuru wao, na wanaotufuata juu hutuamuru sisi, hivyo hivyo hadi kwa wazee ambao hawaamriwi na mtu isipokuwa wake zao. Kila rika lina jina la jambo lililotokea mwaka wake. La Mjomba Lekal linaitwa Lami, maana mwaka huo ndipo barabara ilipowekwa lami. Letu linaitwa Daraja Lililovunjika, na wajomba hawachoki kusema kwamba jina limepata wenyewe.

Nikashuka. Mgeni alikuwa na miwani yenye ukungu na mikono laini ya mtu anayefungua vitabu. Nilidhani ni mtalii aliyepotea njia ya kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto. Vijana wa rika la kutumwa walikuwa wanapeperusha moto na kuchota maji. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu. Nikamsogezea beseni.

"Haya ni nini?" akauliza.

"Matumbo ya nguruwe."

"Na yanaoshwaje?"

"Kwa subira."

Akakunja mikono ya shati bila ubishi, akachuchumaa. Nikamwonyesha jinsi ya kuyapindua na kuyasugua kwa chumvi na unga. Kisha nikarudi juu ya paa, kwa sababu kichwa changu kilikuwa na mambo mengine.

Ijumaa ya juma hilo tulikuwa tunamngoja mkaguzi kutoka Taipei. Kuna mfuko kule unaofadhili miradi ya kidijitali ya lugha, historia na utamaduni wa jamii zilizoachwa nyuma. Ndivyo tangazo lao lilivyosema. Nilipomsomea bibi yangu Hongay maneno hayo, aliacha kutafuna popoo.

"Zilizoachwa nyuma? Nani katuacha? Sisi tuko hapa hapa. Wao ndio walioondoka."

Hata hivyo aliniruhusu kuomba, na tangu nimalize chuo sijawahi kutaka kitu kama nilivyoutaka mradi huo. Tuliuita Ghala la Sauti. Nilitaka nyimbo za bibi zetu, hadithi zao na majina ya zamani ya kila kijito na kila shamba vikae mahali pamoja, ili mtoto wa Cihafayan anayekulia mjini Taoyuan, ambako baba yake anapanda majukwaa ya ujenzi, afungue simu na kumsikia bibi yake akimwita kwa lugha yake. Ombi letu lilipita mchujo wa kwanza. Lilibaki neno la mkaguzi. Nilikwisha kuazima projekta ya shule, nikamwomba mama ashone mapazia, nikawasihi wazee wavae mavazi ya sikukuu siku hiyo na wasiulize mkaguzi mshahara wake.

Barazani wanawake walikuwa wanamenya machipukizi ya henzirani kwa ajili ya supu. Walikuwa wanacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha aina ile inayomfanya mwanamume aangalie kama zipu yake imefungwa.

"Ofad!" Bibi Hongay alipaza sauti. "Mbona mtu wako anaosha kama anayemwogesha kichanga? Mkazanie!"

"Kaza mkono, bwana!" nikapiga kelele kutoka juu.

"Nakaza," alisema mgeni.

"Husemi 'nakaza'. Unasema 'ndiyo, kaka'!" Mjomba Lekal alimrekebisha.

"Ndiyo, kaka."

Barazani Kating, mwenye duka, aliangua kicheko hadi kisu kikamdondoka.

"Na mwambie akimaliza aje anikune mgongo!" Bibi aliongeza.

"Bibi, mwache mtu wa watu."

"Nimwache kwa nini? Kajileta mwenyewe."

Mvua ilikatika kabla ya chakula cha mchana. Tuliketi kwa marika, wazee mbele, rika la kutumwa mwisho karibu na moshi, na mgeni akaketi huko kati ya vijana ambao sauti zao ndiyo kwanza zinavunjika. Wakampa bakuli la supu ya henzirani. Supu hiyo ni chungu. Wageni wengi huionja, husema "ladha ya pekee" na kuisukuma kando. Huyu alikunywa, uso ukajikunja kama karatasi, kisha akanyoosha bakuli.

"Inawezekana kuongezwa?"

Mjomba Lekal akaweka kikombe chake chini. Alimtazama mgeni kwa muda, na macho yake, ambayo tangu asubuhi yalikuwa yanacheza, yakatulia.

"Mtu aliyefanya kazi na rika na kula na rika haondoki bila jina," alisema. "Simama. Umetoka majini kama samaki, basi wewe ni Futing. Ofad, mshike mkono."

Maneno ya kumpokea mtu katika rika ni machache. Aliye juu yake humshika mkono mbele ya wote na kuyasema, na msimamizi humwaga pombe ya mchele chini ili waliotutangulia wasikie. Nilitaka kumaliza upesi nirudi kwenye paa langu, lakini maneno yale hayasemeki kwa haraka. Ukiyaanza, yanakulazimisha usimame wima.

"Nitakutuma," nikamwambia. "Nitakulisha. Na nikiulizwa wewe ni nani, nitasema wewe ni mdogo wangu."

Pombe ikamwagwa. Ardhi ikainywa.

"Na mimi nasema nini?" mgeni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unajua unachosema," Mjomba alimwambia.

"Ndiyo, kaka."

Alinizidi umri kiasi cha kuweza kunifundisha darasa la kwanza. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega, na mimi nikacheka pia, maskini ya Mungu, bila kujua nacheka nini.

Bibi Hongay aliniita alipokwisha kula.

"Mjukuu wangu, hebu njoo uniangalizie simu. Kuna picha hapa sijui ni ya nani."

Bibi yangu anaijua simu yake kuliko mimi ninavyoijua yangu. Nilipaswa kushtuka. Kwenye kioo palikuwa na mwanamume mwenye tai na miwani mbele ya rafu za vitabu, na chini ya picha jina: Fang Jui-lin. Nililijua jina hilo. Ndilo lililokuwa mwishoni mwa kila barua pepe ya mfuko. Niliitazama picha. Nikamtazama mtu aliyekuwa amepiga magoti kule, anapuliza moto, majivu yamemjaa nyusi.

"Bibi."

"Abee."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu aliposimama dukani kwa Kating kuuliza njia. Kating akampiga picha, akaituma kwenye kundi letu. Mimi nikatafuta, nikampata. Sisi tunajua, mjomba wako anajua, mbwa wa Kating anajua."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa juu ya paa. Halafu wewe, mjukuu wangu, huna uso wa kuficha jambo. Ungemtandikia zulia, ukamkalisha kwenye kiti cha padri."

"Nimemwoshesha matumbo ya nguruwe!"

"Na kayaosha vizuri. Kama ningekuwa na binti wa kuozwa..."

Mjomba Lekal alikuja nyuma yangu akitafuna. Hakuwa na haya hata chembe.

"Yeye kaja kabla ya siku yake, hakupiga hodi, anataka kutuona bila poda," alisema. "Haya, katuona. Na sisi tumemwona bila tai. Ubaya uko wapi?"

Nilikimbia hadi kwenye moto, nikainama mara nyingi kuliko inavyohitajika, nikaomba radhi kwa Kichina cha chuo kikuu. Bwana Fang akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati na kuzidi kuichafua.

"Mimi ndiye wa kuomba radhi," alisema. "Tunashauriwa tufike bila kutarajiwa. Watu wakijua tunakuja, hutuwekea mapazia mapya."

Nikayakumbuka mapazia ya mama.

"Lakini kwa nini ulikubali? Ungetaja jina lako tu."

"Kwenye ombi lako uliandika kwamba jamii inashiriki katika kila hatua." Akaangalia mikono yake myekundu. "Nikadhani ndiyo hii."

Alasiri ile tulimpeleka kwenye chumba chetu, stoo ya zamani ya shule ya chekechea, ambako bado pameandikwa herufi ukutani. Nilikuwa na kompyuta moja, kinasa sauti kimoja na kabati ambalo mlango wake unafungwa kwa kipande cha henzirani. Nilimwonyesha ramani. Ukigusa kijito, unasikia jina lake la zamani na hadithi ya mtu aliyeteleza hapo, na mara nyingi mtu huyo yuko hai na anabisha kwamba hakuteleza.

Kisha Bibi Hongay akaketi na kumweleza habari za mama yake. Akiwa msichana mdogo, Bibi aliona watu wa chuo wakija na mashine, wakamkalisha mama yake kwenye mkeka na kumwambia aimbe. Aliimba mchana kutwa. Wakamshukuru, wakaondoka na kanda. Miaka mingi baadaye, mama yake akiwa amekwisha kufariki, Bibi alitaka kuisikia sauti ile. Aliambiwa aandike maombi. Akaenda kule chuoni siku ya kazi na kitambulisho, akapewa vifaa vya masikioni, na mtu akakaa kando yake kuhakikisha hanakili.

"Nilimsikiliza mama yangu huku nachungwa kama mwizi wa kuku," alisema. "Alipofika mahali anapokohoa, nilitaka kumpa maji. Yule mlinzi akasema muda umekwisha."

Alisimulia hayo kwa sauti ile ile anayosimulia bei ya samaki. Bwana Fang alikuwa ameacha kuandika.

"Mradi huu unataka nini hasa?" aliniuliza. "Usinipe maneno ya kwenye ombi."

"Nakala zirudi nyumbani," nikasema. "Na ufunguo uwe wetu. Kuna nyimbo ambazo tunataka dunia nzima izisikie. Kuna nyimbo za siku fulani tu, hizo zisifunguke siku nyingine. Na kuna mambo ya mtu na mwanawe. Wenye sauti wachague wenyewe. Hakuna mzee wa hapa atakayeomba ruhusa tena ya kumsikia mama yake."

Aliniuliza maswali magumu hadi jua likageuka. Nani atatunza mitambo nikipata kazi mjini? Wazee wawili wasipokubaliana, nani anaamua? Umeme ukikatika tufani ikija? Nilijibu niliyoyajua na nikasema sijui pale nisipojua. Mwishoni akafunga daftari.

"Nimekagua miradi ambayo tovuti zake zinang'aa na hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyewahi kuzifungua," alisema. "Huu nitaupigania."

Nilitaka kumkumbatia. Bibi akanitangulia.

"Pigania, baba, pigania. Lakini kwanza masufuria. Rika lako lote liko mtoni, wewe umekaa."

"Ndiyo, bibi," akasema Bwana Fang, akaenda mtoni.

Usiku ule alilala kwetu. Asubuhi nilimkuta jikoni na mama, uji umepoa mbele yake.

"Kaka," aliniita, na neno hilo halikuwa na utani. "Kuna jambo."

Katika taarifa ya mkaguzi, alinieleza, kuna kifungu anachopaswa kukijibu kabla ya vyote: kama ana undugu au uanachama wa aina yoyote na waombaji. Akiwa nao, haruhusiwi kusema lolote kuhusu mradi. Ombi linaondolewa kwenye duru ile na kusubiri mkaguzi mwingine mwakani, kama fedha zitakuwapo na kama huyo mwingine atapenda alichokipenda yeye.

Nikacheka. Kisha nikaona hacheki.

"Lakini jana... jana ilikuwa masihara," nikasema. "Walikuwa wanakuchezea. Wote walijua wewe ni nani."

"Ilikuwa masihara?"

"Si ndiyo?"

"Mimi sijui. Nakuuliza wewe." Alizungusha kijiko ndani ya uji. "Nimekulia kwenye nyumba ya ghorofa ambayo majirani hawasalimiani. Sijawahi kupewa jina na mtu yeyote isipokuwa baba yangu. Kwangu halikuwa masihara, lakini mimi ndiye mgeni, naweza kuwa nimekosea. Profesa Kuo, mwenyekiti wetu, atakupigia simu leo mchana. Huwa anazungumza na kila mwombaji, na atauliza. Nimeacha kile kifungu wazi. Ukisema ulikuwa mchezo, nitaandika mchezo, na nitalala vizuri. Wewe ndiye mkubwa."

Nilimfuata Mjomba Lekal kwenye banda lake la kuku. Nilitaka anisaidie. Alikuwa amebeba kikapu cha mayai, na nilipomaliza kueleza akakiweka chini taratibu kama kwamba mayai yameanza kuwa mazito.

"Lo," alisema. "Tumejikata kwa kisu chetu."

"Sema tu ilikuwa utani, mjomba. Wewe ndiye uliyeuanzisha."

"Nilianzisha utani, ndiyo. Kumpa beseni ulikuwa utani. Kumwita samaki ulikuwa utani." Alikuna kidevu. "Lakini aliponyoosha bakuli mara ya pili nilisahau kama nacheza. Na hata kama mimi nilicheza, Ofad, pombe niliyomwaga chini haikucheza."

"Kwa hiyo hayawezi kutenguliwa?"

"Yanaweza. Kila neno lina mlango wa kutokea. Lakini mwenye kuutumia si mimi. Wewe ndiye uliyemshika mkono. Mkane, yatakuwa yamekwisha, na mimi sitakulaumu. Hakuna atakayekulaumu. Sote tunalitaka hilo ghala."

Ningependa angenilazimisha. Kwetu anayekuzidi rika hukuamuru hadi jinsi ya kukunja mkeka, lakini siku nilipoililia amri, mjomba akainama kuhesabu kuku wake.

Bibi Hongay alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda, anatazama tamthilia ya Kikorea kwenye simu.

"Nimesikia," alisema kabla sijafungua mdomo. "Usinitumie mimi kama sababu."

"Bibi, mwakani..."

"Mwakani nitakuwepo. Siwezi kufa, hii tamthilia ina vipindi vingi na yule binti bado hajajua nani kambadilisha hospitalini."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa. Nilimpa maji. Wakati anakunywa niliona jinsi mkono wake ulivyokuwa mwembamba juu ya kikombe. Nyimbo alizo nazo hakuna mwingine anayezijua zote. Nilikuwa nimekwisha kurekodi chache tu, kwa kinasa kinachochanganya sauti yake na ya friji. Mwaka mzima. Nilipiga hesabu ambayo mjukuu hapaswi kuipiga.

"Wewe ungefanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi ningemwambia yule profesa kwamba Fang ni shangazi yangu, nione atafanya nini." Akarudisha macho kwenye simu. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Nenda ukapokee simu yako, mjukuu wangu. Na uvae shati."

Simu ililia mchana nikiwa kwenye stoo ya chekechea. Profesa Kuo hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa mbaya. Alinisifu kwa ombi, aliuliza afya ya wazee, akauliza kama tufani ilituumiza. Halafu akasema, "Kuna jambo moja dogo, Bwana Ofad. Utanisamehe. Zamani fedha hizi ziligawanywa na wakubwa kwa jamaa zao, na vijiji kama chenu havikupata kitu. Ndiyo maana tuko wakali."

"Mnafanya vizuri," nikasema, na nilimaanisha, ndilo lililoniuma zaidi.

"Basi niambie kwa ufupi. Bwana Fang ni nani kwenu?"

Dirishani nilimwona. Alikuwa mbele ya ukumbi na vijana wa rika la kutumwa, ameinama ndani ya sufuria kubwa ya sikukuu hadi mabega hayaonekani, anasugua. Kijana mmoja alikuwa anamkosoa. Aliinua kichwa, masizi puani, akasikiliza makosa yake kwa makini kama mtu anayesikiliza mhadhara. Hakutazama upande wangu. Alijua kwamba ninazungumza kwenye simu, na hakutazama.

Jibu lilikuwa jepesi. Si mtu, ni mgeni wetu, tulimtania kidogo. Maneno yalikuwa tayari yamejipanga mdomoni, yana adabu, na ghala zima lilikuwa nyuma yake, na Bibi, na mama yake Bibi na kikohozi chake ndani ya kabati la watu.

Lakini ghala gani hilo? Nilikuwa nawaomba watu wa Taipei waamini kwamba neno lililosemwa Cihafayan lina uzito, kwamba lihifadhiwe, kwamba lisichezewe na yeyote anayepita. Na wa kwanza kulitupa ningekuwa mimi.

"Bwana Ofad? Unanisikia?"

"Nakusikia, Profesa," nikasema. "Ni mdogo wangu."

Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Mdogo wako. Bwana Fang ana umri wa..."

"Najua. Alichelewa kuzaliwa. Amezaliwa jana mchana, baada ya supu."

Ikaja sauti ambayo hadi leo siamini kwamba haikuwa kicheko. "Unaelewa maana yake kwa ombi lenu?"

"Naelewa."

"Litangoja mwakani. Siwezi kukuahidi lolote."

"Naelewa, Profesa."

"Pole, kijana. Na..." akasita. "Msalimie mdogo wako."

Nilikaa kidogo kati ya zile herufi za ukutani. Macho yaliniwasha, nikayaachia, kwani hapakuwa na mtu. Kisha nikawasha kinasa sauti kuona kama betri ina umeme. Ulikuwepo wa kutosha kwa wimbo mmoja au miwili, na Bibi alikuwa barazani. Nikakitia mfukoni na kutoka nje.

Bwana Fang alisimama aliponiona. Alinitazama usoni, na nadhani alisoma kila kitu; kweli sina uso wa kuficha jambo. Akavuta pumzi ili aseme neno, labda la pole, labda la shukrani, na nikaona kwamba nikimwacha aliseme tutalia wote wawili mbele ya vijana.

Nikachungulia ndani ya sufuria.

"Futing," nikasema, "hii haijatakata."

"Ndiyo, kaka," alisema, akainama tena.